Maswali ya Wasomaji: Kumpokea Mgeni wa Biashara Kutoka Ng'ambo

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuletee maswali kuhusu lugha na desturi za kuwapokea wageni wanaokuja kibiashara kutoka nchi za nje. Wengi wa walioandika walitaka orodha: Mchina hupenda hiki, Mjerumani huchukia kile. Orodha ya namna hiyo sikuiandaa, kwa sababu watu wa nchi moja hawafanani, na kwa sababu, kwa ninavyoona mimi, wageni wetu hawakwazwi sana na kutojua kwetu desturi zao. Hukwazwa zaidi na desturi zetu wenyewe tusizowaeleza, hasa namna tunavyotaja saa, tunavyokubali jambo tusiloliweza, na tunavyochelea kusema hapana. Barua nilizozichagua zinagusa hayo, kila moja kwa njia yake.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi wa kampuni inayosafirisha korosho nje ya nchi, hapa Mtwara. Mwezi wa kumi tunatarajia wanunuzi kutoka India na wengine kutoka Vietnam, na mkurugenzi ameniagiza niwe mwenyeji wao tangu wanapotua hadi wanapoondoka. Kiingereza changu ni cha shule na naogopa kuiaibisha kampuni kwa matamshi yangu. Chakula pia sijui niwaandalie kipi. Nianzie wapi?*
— Katibu muhtasi, Mtwara

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye barua pepe. Wiki mbili kabla ya safari waandikie wageni kwa sentensi fupi, uwaulize jina kamili kama lilivyo katika pasipoti na jina wanalopenda kuitwa, chakula wasichokula, na mambo wanayotaka kuyaona wakiwa Mtwara. Waeleze pia mapema kwamba anayekuja kwa shughuli za biashara huomba viza ya biashara na si ya utalii, kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500, ili wasipange kutua asubuhi na kukutana nanyi mchana uleule kwa gari, na kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mgeni anayenyang'anywa mfuko wa dukani uwanjani hufika kwako tayari amenuna.

Swali la jina lina uzito kuliko linavyoonekana. Wavietnam hutanguliza jina la ukoo, lakini mtu huitwa kwa jina la mwisho, ambalo ndilo lake mwenyewe. Ukisimama uwanja wa ndege na kumwita "Bwana Nguyen", huenda akageuka zaidi ya mgeni mmoja, kwa kuwa ukoo huo ni wa watu wengi mno nchini kwao. Wachina nao hutanguliza ukoo, ila wao huitwa kwa huo ukoo, hivyo aliyeandikwa Wang mwanzoni ni Bwana Wang. Kwa Wahindi hakuna kanuni moja, maana desturi za majina hutofautiana jimbo hadi jimbo, na huko kusini herufi ya kwanza unayoiona mara nyingi ni ya jina la baba. Ndiyo maana tunauliza.

Kuhusu chakula, usiandae kwa kukisia. Utaambiwa na watu kwamba Mhindi hali nyama, lakini mnunuzi anayetoka Kollam, mji wa jimbo la Kerala unaojulikana kwa viwanda vyake vya korosho, huenda akala samaki na hata nyama ya ng'ombe bila tatizo, wakati mwenzake wa jimbo la Gujarat huenda asiguse nyama wala yai, na akiwa Mjaini, yaani muumini wa dini ya Ujaini, hali hata kitunguu, kitunguu saumu wala kiazi. Ukishapata majibu, kaa na mpishi umweleze kwa utaratibu, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibikia: samaki si mboga, maharage yaliyoungwa kwa supu ya nyama yana nyama, na mafuta yaliyokaangia kuku hayakaangii chapati za mgeni huyo. Kumwopolea minofu kwenye mchuzi hakumsaidii chochote. Mgeni akikuambia anafunga siku hiyo, usimbembeleze aonje kidogo. Najua kwetu kumwacha mgeni bila kula ni aibu, lakini aibu hiyo ni yetu, tusimtwishe yeye.

Sasa Kiingereza. Katika chumba hicho hakutakuwa na mtu aliyezaliwa nacho. Mhindi ana matamshi yake, Mvietnam ana yake, nawe una yako, na anayeeleweka zaidi ni yule anayesema polepole, jambo moja kwa sentensi moja, na anayeandika tarakimu badala ya kuzitaja tu. Kwa wageni wa India utapata msaada usioutarajia, kwani wao pia huhesabu kwa laki, na laki yao ni 100,000 kama yetu; ila usiitumie mbele ya Wavietnam. Jihadhari na mtego mmoja. Mgeni akikuuliza kwa Kiingereza kama mzigo haujafika bandarini, nasi tunajua kweli haujafika, sisi hujibu ndiyo, kwa maana ya kukubaliana na kauli yake, ilhali wazungumzaji wengi wa Kiingereza hapo hutarajia hapana. Jibu kwa sentensi nzima kila mara: mzigo haujafika, utafika Alhamisi. Vivyo hivyo, mkurugenzi wako akisema "tutajitahidi" au "hakuna shida", sisi tunaelewa kwamba jambo hilo huenda lisiwezekane, lakini mnunuzi ataandika kwenye daftari lake kwamba mmekubali. Mshauri bosi wako, kwa adabu na kabla ya kikao, kwamba penye mashaka aseme "hilo nitalijibu kesho saa nne", kisha kesho saa nne alijibu kweli.

*Ninaendesha kampuni ndogo ya magari ya kukodi mjini Arusha, na mara kwa mara tunabeba wajumbe wa mikutano. Mgeni mmoja aliyekuwa anajifunza Kiswahili alimwambia dereva wangu aje saa tatu. Dereva alifika saa tatu asubuhi, akakuta mgeni bado anakunywa chai na hana habari naye, kwa kuwa alimaanisha saa tisa alasiri. Mgeni alilalamika kwa hoteli. Nani alikosea?*
— Mwenye magari, Arusha

Mgeni alitafsiri saa yake neno kwa neno, na dereva alisikia Kiswahili sanifu, hivyo sioni wa kumwadhibu. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na wao wanaanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita, na kila mwenyeji wa wageni anaijua, lakini wachache wana utaratibu wa kuizuia isilete hasara. Mji wenu una ukumbi wa mikutano ya kimataifa wa AICC, una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wageni hawakauki, kwa hiyo andikeni utaratibu huo na kuubandika ofisini. Saa zote za safari zitumwe kwa ujumbe wa simu kwa tarakimu za saa 24, yaani 15:00, pamoja na siku na tarehe, na dereva aujibu ujumbe huo kwa kuurudia.

Tarehe nayo inastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Ndege inayoondoka tarehe 15 saa 00:40 inaondoka usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15, na dereva atakayeambiwa tu "ndege ya usiku wa tarehe 15" atafika hotelini takriban saa ishirini na nne baada ya mgeni kuachwa. Andikeni saa ya kutoka hotelini, msiandike saa ya ndege peke yake.

*Mwalimu, kikundi chetu cha wafuga nyuki kutoka Sikonge, mkoa wa Tabora, kitakuwa na banda kwenye maonesho ya Sabasaba. Mwaka uliopita walipita Wachina na Waturuki, wakaonja asali, wakatabasamu, wakaondoka. Tulijaribu programu ya kutafsiri kwenye simu, tukacheka zaidi ya tulivyoelewana. Je, tujifunze Kichina?*
— Wafuga nyuki, Sikonge

Kijana mmoja wa kikundi akitaka kujifunza Kichina mpeni baraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013, na lugha hiyo itamfaa maishani. Lakini maonesho yanafunguliwa tarehe 28 Juni na kufungwa tarehe 13 Julai, na kwa mwaka huu kinachowafaa ni karatasi moja. Iandikwe kwa Kiswahili kwanza, kisha mtu anayejua kazi hiyo aitafsiri kwa Kiingereza na Kichina, na Kituruki mkiweza. Ndani yake ziwemo aina ya asali na misitu inakotoka, miezi ya mavuno, kiasi mnachoweza kutoa kwa msimu, vipimo vya maabara mlivyo navyo, namna ya kufungasha, na bei.

Hapo kwenye bei nitakaa kidogo. Sisi tunauza asali kwa lita na kwa ndoo, ilhali mnunuzi wa nje huinunua kwa kilo au kwa tani. Asali ni nzito kuliko maji, na ndoo ya lita 20 iliyojaa hubeba takriban kilo 28. Mkitaja bei ya lita na yeye akaandika bei ya kilo, mtasherehekea oda itakayowafilisi, au yeye atadhani asali yenu ni ghali na kwenda banda la jirani bila kuwaambia kwa nini. Kadhalika semeni bei hiyo ni ya wapi: ni bei ya Sikonge, au ni FOB Bandari ya Dar es Salaam, yaani bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini, maana gharama za lori na wakala wa forodha katikati si ndogo. Tena Waturuki, kama Wajerumani na Wavietnam, huandika nukta pale tunapoweka mkato wa maelfu, kwa hiyo 1.500 kwao ni elfu moja na mia tano, wakati kwetu ni moja na nusu. Bei andikeni kwa tarakimu na kwa maneno. Wala msitaje bei kwa vidole. Wachina wana ishara za mkono mmoja kwa sita hadi kumi ambazo hazifanani na zetu, na ile ya nane, kidole gumba na cha shahada vikiwa vimenyooshwa, wengi wetu tungeihesabu kuwa mbili.

Programu ya simu msiitupe, ila muitumie kwa adabu yake. Pakueni lugha mapema ili ifanye kazi hata mtandao ukizidiwa na umati. Iambieni sentensi fupi isiyo na methali wala utani, kisha geuzeni tafsiri irudi Kiswahili, na kama imerudi na maana nyingine, badilisheni sentensi. Kwa bei na kiasi, kalkuleta inatosha.

Kuhusu tabasamu, kuonja na kutabasamu ni heshima ya kawaida, si dalili ya oda, wala kuondoka si dalili ya kuchukia. Mwombeni kila mgeni kadi yake ya biashara, muipokee kwa mikono miwili, muisome mbele yake, na msiandike kitu juu yake akiwa bado amesimama hapo. Kwa Wachina, na zaidi kwa Wajapani, kadi hutendewa kama mwenyewe. Maelezo yenu yaandikeni daftarini akishaondoka: alionja ipi, aliuliza nini, alikuwa na nani. Jioni ileile mtumieni ujumbe wenye picha ya banda. Na jambo la mwisho, ambalo halihusu lugha yoyote: anayekaa bandani asiwe amezama kwenye simu huku anakula chipsi, na asimwite mpita njia kwa kupaza sauti "Mchina, njoo!".

*Kampuni yetu huwapa wageni wote saa ya ukutani yenye nembo yetu. Mwenzangu ofisini anasema Wachina hawapokei saa. Ni kweli au ni maneno ya mtaani?*
— Ofisa masoko, Mwanza

Ni kweli. Katika Kichina, kumpa mtu saa kunatamkwa sawa na kumhudumia mtu katika mauti yake, na hata kijana asiyejali mila huenda akaipokea kwa shingo upande kwa sababu ya wazazi wake. Saa zenu wapeni wageni wengine. Kwa Wachina, na kwa karibu kila mtu, kahawa ya Kagera au ya Kilimanjaro, chai, na viungo vya Zanzibar vilivyofungwa vizuri hukubalika, tena havizidishi uzito wa begi. Epukeni kabisa vitu vya makombe, matumbawe, ngozi au pembe, kwani mgeni anaweza kukamatwa navyo uwanja wa ndege huku ninyi mkidhani mmemtendea wema.

Thamani ya zawadi pia iwe ndogo. Tunayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, Waingereza wana yao ya 2010, na Wamarekani wana ya 1977 inayowafuata hadi huku, kwa hiyo mfanyakazi wa kampuni kubwa anayepewa zawadi ya gharama hulazimika kuiandikia taarifa au kuirudisha. Akikataa kwa upole, msimlazimishe, na msichukulie kwamba amewadharau.

*Ndugu mshauri, mimi ni mfanyabiashara wa vipuri jijini Dar es Salaam, na umri umesogea. Wenye kiwanda kutoka China walikuja kujadili uwakala. Nilimtumia mpwa wangu aliyesoma uhandisi huko kama mkalimani. Wao walisema kwa dakika tano, yeye akaniambia "wanasema ni sawa". Mara wakacheka wote, mimi nikabaki natazama. Mwishoni tulitia saini hati ya makubaliano, na sasa wanadai niliahidi kununua kontena nne kwa mwaka. Sikumbuki kuahidi hivyo. Nifanyeje safari ijayo?*
— Muuza vipuri, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu. Simlaumu mpwa wako, kwa sababu kujua lugha mbili na kuzifasiri papo kwa papo ni kazi mbili tofauti, na yeye alikuwa na kazi ya tatu pia, ya kuwa mtoto wa dada yako. Mtoto mwenye adabu hawezi kumwambia mjomba wake mbele ya watu kwamba wageni wanaona bei yake ni ya juu mno, na bila shaka baadhi ya yaliyosemwa aliyameza kwa heshima.

Safari ijayo tafuta mkalimani anayelipwa na asiye ndugu. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, hutoa huduma za ukalimani na tafsiri, na linaweza kuwa mahali pa kuanzia kuulizia. Hata wageni wakija na mkalimani wao, wewe uwe na wako, maana wa kwao anafanya kazi kwa ajili yao, na hilo ni haki yao. Siku mbili kabla ya kikao mpe nyaraka zote, orodha ya vipuri pamoja na namba zake, na malengo yako. Usimfiche lengo ukidhani atalivujisha. Mkalimani asiyejua unachokitafuta hukosa neno linalofaa wakati linapohitajika.

Katika kikao, wewe mtazame mgeni, si mkalimani, na useme naye moja kwa moja. Sema sentensi mbili au tatu, nyamaza, mwache afasiri, uendelee. Mkalimani mzuri husema "mimi" akimaanisha wewe, na hilo lisikushtue. Mgeni akizungumza kwa dakika tano na tafsiri ikaja kwa maneno matatu, simamisha mazungumzo kwa upole na uombe kila kitu, hata mzaha. Namba ziandikwe ubaoni au kwenye karatasi iliyo katikati ya meza, kwa sababu Wachina wana neno moja la elfu kumi na huhesabu kwa kulirudia, nasi tunahesabu kwa maelfu, malaki na mamilioni, na katika kuvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine sifuri hupotea hata kwa mkalimani hodari. Mpe mapumziko, maana ukalimani huchosha. Katika mikutano mikubwa, wale wanaofasiri ndani ya vibanda hufanya kazi wawili wawili na kupokezana takriban kila nusu saa, nawe usitarajie kijana mmoja afasiri tangu asubuhi hadi chakula cha jioni huku naye akitakiwa kula.

Tena, wageni wakinyamaza baada ya wewe kutaja bei, usikimbilie kuipunguza. Ukimya kwao waweza kuwa wakati wa kufikiri tu, na sisi Waswahili hatuuvumilii, tunaujaza kwa punguzo. Na wakisema watalichunguza jambo hilo zaidi, yapime maneno hayo kama unavyoyapima maneno yetu ya "tutaona". Hapo tunafanana nao kuliko tunavyofanana na Waholanzi, ambao hapana yao hutoka mapema na bila mto.

Kuhusu kontena nne, mtafute mwanasheria asome hati hiyo katika lugha zote mbili, na atazame kama kuna kipengele kinachosema lugha ipi itatawala maandishi yakitofautiana. Kama hakipo, hiyo ndiyo nafasi yako ya kurudi mezani. Katika hati zijazo kiwepo, na muhtasari wa kikao utumwe kwa pande zote siku ileile, kabla ya saini yoyote. Mpwa wako mwalike kwenye chakula cha jioni, ambako ucheshi wake utakuwa na faida.

*Asalaam alaykum. Nafanya kazi katika ofisi ya biashara Unguja, na wageni wetu wengi hutoka Omani na Imarati, yaani Umoja wa Falme za Kiarabu. Mimi ni mwanamke na ndiye ninayewapokea. Baadhi hunipa mkono, baadhi hawanipi, nami hubaki na mkono hewani. Pia mkurugenzi wetu alipanga kikao cha mtandaoni siku ya Ijumaa na hakuna aliyejibu. Utatushauri nini?*
— Bi Itifaki, Unguja

Waalaykum salaam, bibi. Weka mkono wako wa kulia kifuani, inamisha kichwa kidogo, na useme salamu. Atakayetaka kukupa mkono ataunyoosha, nawe utakuwa na hiari yako. Salamu hiyo inajitosheleza na haimwachi mtu na mkono hewani.

Omani, kama Saudi Arabia, Kuwait na Qatar, hupumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili yenu ni siku yao ya kwanza ya kazi. Imarati ilibadilisha mwezi Januari 2022, na sasa ofisi za serikali hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Pamoja na hayo saa ya Muscat na Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja. Zikiunganishwa, siku zinazofaa kwa kikao na pande zote ni Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi, na katika mwezi wa Ramadhani mfupishe zaidi.

Wakifika kwenu, kahawa na halua vitangulie mbele ya karatasi, na msiharakishe kuuliza habari za oda kabla ya kuulizana hali. Ninyi Wazanzibari hilo hamhitaji kufundishwa. Mnachohitaji kukumbuka ni kwamba mgeni wa Omani anaweza kuwa anajua Kiswahili sawasawa, kwani baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya huku zilikwenda kuishi Omani na lugha ilikwenda nazo. Kwa hiyo msimjadili kwa Kiswahili akiwa amekaa mbele yenu, wala bei msiinong'one. Ikitokea akajibu kwa Kiswahili cha Unguja cha zamani, fungeni kamusi na muendelee.

Lipo pia suala la "inshallah". Ninyi mnaitumia na wao wanaitumia, na kwa kuwa pande zote mbili zinaielewa kila upande kwa namna yake, ndipo ahadi hupotelea. Iseme kwa moyo, kisha uongeze tarehe: inshallah, sampuli zitatoka bandarini Jumanne tarehe fulani. Atakayechelewa atakuwa amejua amechelewa.

*Tuna duka la jumla Kariakoo na wateja wetu wengi hutoka Lubumbashi. Wanasema Kiswahili, lakini si chetu, na mara mbili tumebishana kuhusu idadi ya mizigo. Tufanye Kiswahili au Kifaransa?*
— Kijana wa Kariakoo

Vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, lakini shule na ofisi zao hutumia Kifaransa, na mfanyabiashara wa Lubumbashi mara nyingi hutaja namba, tarehe na vyeo kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili chake. Msikicheke Kiswahili chake wala msikisahihishe. Kimekamilika kwa wanaokizungumza, na mteja anayesahihishwa mbele ya wapagazi hununua duka la pili. Msalimieni kwa Kiswahili, mumwite mama au papa kama anavyoitwa kwao, mzungumze biashara kwa Kiswahili, na idadi muiandike.

Jifunzeni hesabu ya Kifaransa hadi mia, na mjifunze ya Kongo hasa, kwa sababu wao kama Wabelgiji husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, ambavyo sivyo mtakavyovikuta katika vitabu vingi vinavyofuata Kifaransa cha Paris. Risiti, orodha ya mizigo na ankara ya awali viandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa kwenye karatasi moja, maana vitasomwa na maofisa wa forodha huko mbele ambao hamtakuwepo kuwaeleza. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haujaondoa ukaguzi wa mpakani, na mzigo ulioandikwa "maboksi madogo mengi" utakaa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, hadi mtu afungue na kuhesabu. Andikeni ni maboksi mangapi, kila moja lina vipande vingapi na uzito gani, mhesabu pamoja na mteja kabla lori halijafungwa, na kila upande utie saini nakala yake.